Daktari anajibu: Mzee naye apimwe

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka Tanga na vitongoji vyake, na karibu zote zinahusu VVU na magonjwa yanayoambatana navyo kwa watu waliovuka miaka 50. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina nimeyaondoa, na maelezo ambayo yangeweza kumtambulisha mwandishi kwa majirani zake nimeyaacha nje.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, ni mstaafu wa shamba la mkonge upande wa Muheza na sasa anaishi kwangu Makorora. Tangu mwaka jana anakonda, anaharisha mara kwa mara na usiku anatokwa na jasho hadi shuka linalowa. Aliwahi pia kuugua mkanda wa jeshi ubavuni. Zahanati tuliyokuwa tukienda walimtibu malaria, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na mara ya mwisho tukaambiwa ni uzee tu. Mimi nina wasiwasi mwingine, lakini ni baba yangu na siwezi kumtamkia jambo kama hilo. Je, naweza kumwomba daktari amtoe damu ampime VVU bila yeye kujua?

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo neno mliloambiwa zahanati, kwa sababu ndilo lililowapotezea mwaka mzima. Uzee hupunguza nguvu, hukausha ngozi na hulegeza magoti, lakini haumtoi mtu jasho la kulowesha shuka, haumharishi kwa miezi, wala haumkondeshi kwa kasi uliyoieleza. Mzee mwenye dalili hizo ana ugonjwa, na ugonjwa huo utafutwe kama ambavyo ungetafutwa kwa kijana wa miaka 25. Kwa hapa kwetu mambo mawili ya kwanza kuchunguzwa ni VVU na kifua kikuu, kisha kisukari na saratani.

Wahudumu wa afya wengi hawamuulizi mzee habari za VVU kwa sababu wanamwonea haya, au wanaamini kwamba mtu wa umri ule amekwisha kuachana na mambo ya unyumba. Imani hiyo haina msingi, na hata mipango yetu ya afya iliwahi kuibeba: tafiti za kitaifa za VVU za miaka ya 2003–04, 2007–08 na 2011–12 zilipima watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo mtu akishafikisha miaka 50 hakuwamo tena katika hesabu. Tafiti za karibuni zimepanua umri, na ule wa mwaka 2022–23 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, takriban 83 tu ndio waliokuwa wakijua hali zao. Hao waliobaki wamo majumbani, na wamo pia wenye mvi.

Mtu anaweza kuishi na VVU miaka kumi, na wakati mwingine zaidi, bila dalili yoyote ya kumshtua. Baba yako, kama anavyo, huenda alivipata akiwa bado kazini au huenda alivipata juzi, na swali la alivipata wapi halitamsaidia kupona. Linalojulikana ni kwamba kwa mtu wa umri mkubwa asiyetibiwa, kinga ya mwili hushuka haraka zaidi kuliko kwa kijana, na hata akianza dawa seli zake za kinga, zile zinazoitwa CD4, hupanda taratibu. Ndiyo maana kila mwezi unaopita una gharama kubwa zaidi kwake.

Kuhusu mkanda wa jeshi, unasababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho hubaki kimelala katika mishipa ya fahamu tangu utotoni na kuamka kinga inapopungua. Umri peke yake unatosha kukiamsha, kwa hiyo si kila mzee anayeugua mkanda wa jeshi ana VVU. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna mgonjwa wa mkanda wa jeshi anayepaswa kuruhusiwa kurudi nyumbani bila kushauriwa kupima.

Sasa lile uliloliomba. Jibu ni hapana. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apimwe kwa ridhaa yake, na majibu ni siri yake yeye, si ya mtoto wake hata kama ndiye anayemlisha na kumlipia nauli. Na hata kama sheria isingekuwapo, mzee aliyepimwa kwa siri atameza vidonge asivyovijua kwa wiki mbili tatu, kisha ataviacha, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kutunza dawa ya maisha yote bila kujua inatibu nini.

Ipo njia nyingine ambayo haikuvunjii heshima wala haimvunjii yeye. Mpeleke Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, tena asubuhi mapema, na kabla hajaingia kwa daktari mwone muuguzi faraghani umkabidhi karatasi uliyoandika dalili zote, lini zilianza, na dawa zote alizokwisha kupewa. Mwombe kwamba kipimo cha VVU kipendekezwe na mtoa huduma mwenyewe, kama kinavyopendekezwa kwa mgonjwa yeyote mwenye dalili za namna hiyo. Baba yako atakapokuwa anazungumza na mshauri nasaha, wewe toka nje na usiulize alichosema. Kama unaona atakataa, mtangulize baba mdogo au rafiki yake wa barazani, kwani yapo mambo ambayo mzee atayasikia kwa rika lake na hatayasikia kwa binti yake kamwe. Akikataa mara ya kwanza, msimlazimishe wala msimsimange; mrudisheni kliniki kwa kikohozi au kwa tumbo, na apewe nafasi tena.

Kipimo chenyewe ni tone la damu la kidoleni na majibu hutoka muda mfupi baadaye, na kikionyesha maambukizi huthibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti. Atoe makohozi siku hiyohiyo yachunguzwe kifua kikuu. Akikutwa na VVU aulizie kipimo cha CD4, na kama ziko chini ya 200, kuna kipimo cha mkojo kinachosaidia kugundua kifua kikuu kilichosambaa mwilini na kipimo cha damu cha fangasi wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Hao fangasi wanaua, na mara nyingi mtu huwa nao kwenye damu kabla kichwa hakijaanza kuuma, kwa hiyo msikubali kuondoka bila kuuliza habari zao.

Msishangae daktari akianza dawa za kifua kikuu kwanza na kuziahirisha ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, hadi wiki mbili, au wiki nne hadi nane kama ubongo umeguswa, kwani kinga inayoamka ghafla huweza kumzidishia mgonjwa hali. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita, na katika muda huo kidonge cha dolutegravir kinachokuwa ndani ya ARV hutakiwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hukipunguza nguvu. Mzee anayetibiwa vyote viwili na kupewa kidonge kimoja tu cha ARV kwa siku, mrudisheni kliniki mkaulize.

Kama mama yako yu hai, yeye pia ashauriwe kupima. Na kama baba ana wake wawili, ni hivyohivyo kwa kila mmoja wao.

SWALI: Mimi ni mjane wa miaka 57, nakaa Ngamiani. Nimemaliza eda ya marehemu mume wangu na sasa nimeposwa na mzee wa miaka 64 ambaye naye amefiwa. Watoto wangu wameridhia. Nilipomtajia habari ya kupima alicheka akasema sisi si watoto wadogo. Nimekoma hedhi miaka sita iliyopita, na hata mume wangu alipokuwa hai nilikuwa naumia tukikutana. Nifanye nini?

Mama, uliposema mpime ulikuwa na haki, na usirudi nyuma. Wewe na yeye mna maisha marefu nyuma yenu, na kila mmoja alikuwa na mwenza ambaye sasa hawezi kuulizwa. Mwambie kwamba humtuhumu kwa lolote, na kwamba wewe ndiwe utakayetangulia kutoa kidole.

Kwa upande wako wakati ni mzuri. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kipimo cha kawaida cha VVU huonyesha maambukizi yote yaliyotokea miezi mitatu au zaidi kabla ya kupima. Kwa hiyo ukipima sasa, jibu lako kuhusu maisha yako na marehemu ni jibu kamili. Yeye ajihesabie tangu mara yake ya mwisho kukutana na mwanamke, na kama haijatimia miezi mitatu apime sasa na arudie baadaye.

Kama anaona haya kukaa foleni na vijana, marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe kwa vifaa maalumu, na anaweza kufanya hivyo chumbani kwake. Kifaa kikionyesha dalili ya maambukizi, majibu hayo hayajawa ya mwisho mpaka yathibitishwe kituoni. Ila mtu ambaye tayari anatumia ARV asijipime kwa kifaa hicho, kwani kinaweza kumpa jibu la uongo la kuwa hana. Mkiwa kituoni ombeni mpimwe pia kaswende na homa ya ini aina B. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kidonda wala upele, huku ikiendelea kuharibu moyo na ubongo, na hutibiwa kwa sindano za penisilini ambazo si ghali.

Maumivu uliyoyataja yana uhusiano wa moja kwa moja na mada hii, na nashukuru kwamba umeyaandika, kwa sababu wanawake wengi wa umri wako huyanyamazia hadi kaburini. Baada ya kukoma hedhi homoni hupungua, ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu, na wakati wa tendo la ndoa huchanika michaniko midogo isiyoonekana, ambayo ni mlango wa VVU na wa maambukizi mengine. Wakati huohuo kondomu huachwa, kwa kuwa hakuna tena hofu ya mimba. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa katika maduka ya dawa, na kuna krimu ya homoni ambayo daktari anaweza kukuandikia baada ya kukupima. Lakini msitumie mafuta ya nazi pamoja na kondomu. Najua Tanga hayakosi nyumbani, na kwa ngozi na nywele hayana ubaya, ila mafuta ya aina yoyote hulegeza mpira wa kondomu ukapasuka bila nyinyi kujua.

Na ikitokea mmoja wenu akakutwa na VVU, posa si lazima ivunjike. Utafiti uliofanyika Ulaya na kutangazwa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wakakutana bila kondomu takriban mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake ambaye dawa zilikuwa zimeshusha virusi vyake. Kinachotakiwa ni kumeza dawa bila kukosa na kusubiri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kithibitishe. Kabla ya hapo, kondomu.

Ukikutwa navyo wewe, omba uchunguzi wa mlango wa kizazi bila kuchelewa, kwani mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo kuliko asiye navyo. Na hata kama huna VVU, mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu ukeni, iwe baada ya tendo la ndoa au wakati mwingine wowote, aende hospitali wiki hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 61, naishi Chumbageni. Nilianza ARV mwaka 2006 na namshukuru Mungu sijawahi kuacha. Sasa nimeambiwa nina kisukari na presha. Natumia metfomini ya kisukari, losatani ya presha na septrini ya kuzuia maambukizi, na magoti yakiniuma hununua diklofenaki dukani. Miguu ina ganzi tangu zamani lakini sasa imezidi. Daktari wa kisukari hajui kama natumia ARV, maana kliniki ni mbili tofauti na sikupenda kumweleza. Je, kuna ubaya?

Ndugu yangu, ulianza miaka miwili tu baada ya nchi yetu kuanza kutoa ARV bila malipo, na kufika umri huu ukiwa unameza dawa kila siku ni kazi kubwa uliyoifanya. Ubaya upo, nao uko katika hilo la daktari kutojua. Hatumii neno lako kukuhukumu. Anatumia orodha ya dawa zako kupanga vipimo.

ARV inayotolewa kwa wengi sasa ina tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Dolutegravir huongeza kiasi cha metfomini katika damu, na kwa hiyo anayetumia zote mbili kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 1,000 za metfomini kwa siku. Daktari asiyejua anaweza kukuongezea hadi 2,000 akidhani anakusaidia. Tenofovir huweza kuchosha figo, kisukari huzichosha, presha huzichosha, na diklofenaki unayojinunulia huzichosha kuliko unavyodhani; vyote hivyo vikikutana kwa mtu mmoja wa miaka 61, figo zinaweza kushindwa bila maumivu yoyote. Acha diklofenaki leo, tumia parasetamoli kwa kipimo chake, na omba kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo. Septrini na losatani pia kwa pamoja hupandisha madini ya potasiamu kwa watu wa umri mkubwa, na potasiamu ikizidi moyo huyumba. Usiache chochote kati ya hizo kwa uamuzi wako, bali uliza kama bado unaihitaji septrini, kwa sababu mtu ambaye kinga yake imerudi vizuri mara nyingi huachishwa.

Kama unatumia dawa ya kiungulia, hasa ile ya magnesiamu ya kutafuna au ya maji, meza ARV saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, la sivyo dolutegravir hunaswa tumboni na haifiki kwenye damu. Na zile dawa za kuongeza nguvu za kiume zinazouzwa kimyakimya, usiziguse bila daktari. Kwa mtu mwenye presha, au anayetumia ARV za mstari wa pili (zinazotolewa za kwanza zikishindwa) zenye ritonavir, zinaweza kuleta madhara makubwa.

Ganzi yako inaweza kuwa na asili mbili. Wengi walioanza matibabu miaka ile walipewa stavudine, dawa iliyookoa maisha lakini ikaharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kukondesha mashavu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe taratibu kuanzia mwaka 2009. Ganzi ya zamani huenda ni ya stavudine. Hii inayoongezeka sasa huenda ni ya sukari, na tofauti yake ni kwamba hii bado inaweza kuzuiwa isiendelee. Kagua nyayo zako kila jioni, usitembee pekupeku, na kidonda hata kidogo kionyeshe kliniki.

Chukua mfuko mmoja, tia ndani dawa zako zote pamoja na za mitishamba kama zipo, na kadi zako zote mbili, uziweke mezani kwa kila daktari unayemwona. Umri wako unakupa haki ya dirisha la wazee, basi litumie.

SWALI: Ni bibi wa Pongwe. Namlea mjukuu mwenye VVU, tunakula sahani moja na nguo zake nafua mimi. Binti yangu mwingine ananikataza. Nitaambukizwa?

Hapana, bibi. VVU haviambukizwi kwa sahani, mate, nguo wala kulala pamoja. Akijikata, funika mkono wako kwa mfuko wa nailoni unapomsafisha damu, kama unavyopaswa kufanya kwa damu ya mtoto yeyote, na wembe kila mtu awe na wake. Ugonjwa ambao kweli unaweza kupita kati yenu kwa hewa ni kifua kikuu, kwa hiyo mjukuu akikohoa kwa muda wowote, au wewe ukikohoa wiki mbili, nendeni nyote wawili mkachunguzwe. Na wewe mwenyewe ulipima lini? Ukimpeleka kliniki safari ijayo, nawe pima.

SWALI: Baba yetu ana miaka 70, anatumia ARV na ameambiwa virusi havionekani. Ana homa ya ini B na kisukari pia. Anataka kupumzisha dawa mwezi wa Ramadhani. Tumwambieje?

Mwambieni kwamba kutoonekana kwa virusi ni kazi ya kidonge, na kidonge kikiachwa virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kwake yeye hatari ni mbili, kwa sababu tenofovir na lamivudine ndizo pia zinazoizuia homa ya ini B, na zikisimamishwa ghafla ini linaweza kuvimba vibaya hadi kumwua. Hata hivyo hahitaji kuchagua kati ya funga na dawa. Kidonge chake ni kimoja kwa siku, humezwa pamoja na chakula au bila chakula, kwa hiyo akihamishie wakati wa kufuturu au wa daku, na aanze kuzoea saa hiyo siku chache kabla ya mwezi kuandama. Dawa za kisukari ndizo zinazohitaji mpango mpya, kwani baadhi yake hushusha sukari mno kwa mtu aliyefunga. Amwone daktari wiki mbili tatu kabla, na akiambiwa hali yake hairuhusu kufunga, aende kwa sheikh wake na maelezo hayo ya daktari.